Debe la Chumvi Nililolitia Chai

Ojiambo mwanangu,

Umetoka hapa saa nane kwenda Matayos kumuaga shangazi yako, na najua hurudi kabla ya jua kuzama, kwa maana huyo hamwachi mtu aondoke bila kumkimbizia kuku uani. Nimekaa kwenye kiti cha baba yako, mlango uko wazi, sanduku lako la bati liko mbele yangu limeshafungwa kamba. Barua hii siitii sandukuni. Nitaitia kwenye kikapu cha chakula, juu ya viazi, kwa sababu nakujua. Garimoshi halitafika Bungoma kabla hujafunua kikapu.

Habari za blanketi, sabuni na dawa ya malaria sikuandikii. Umekuwa mtu mzima, ukisikia baridi utajifunika. Nakuandikia jambo moja ambalo nimelibeba miaka minane, na nimelibeba vibaya.

Jumapili nilijaribu kukuambia kwa mdomo. Ulikuwa umekaa hapo mlangoni na kile kijitabu cha mashine ulichopewa mafunzoni jeshini, unanisomea kwa sauti, unageuza Kiingereza chake kuwa Kiswahili ili na mimi nifuate. Ukafika mahali pameandikwa kwamba mashine hii ya kutoa hewa ya haidrojeni kwenye maji ya chumvi ilijaribiwa mpakani, na kwamba yaweza kuendeshwa ndani ya hema au chumba kilichofungwa bila madhara. Ukaniangalia ukatabasamu. Ukasema, "Mama, mpakani ni hapa kwetu Malaba. Hii ni kazi ya baba." Mimi nikainuka nikasema sufuria inaungua. Ulinifuata jikoni ukakuta jiko limezimwa na sufuria imetundikwa ukutani. Ukacheka, ukasema mama anazeeka.

Sikuwa nazeeka, mwanangu. Yale maneno ya kijitabu si kweli, na aliyeyafanya yasiwe kweli ni mimi.

Ulikuwa na miaka kumi wanajeshi walipokuja. Ni mwaka ule majirani zetu wa ng'ambo walipopinduana, na huku kwetu kila mtu akaanza kuogopa kivuli chake. Walipiga kambi upande wa pili wa reli, karibu na mto. Baba yako alikuwa fundi wa taa na betri za ishara pale stesheni, na reli bado ilikuwa moja ya nchi tatu. Wanajeshi waliomba fundi anayejua betri, wakapewa Makokha. Alirudi nyumbani siku ile anatembea kama amemeza fimbo. Nilimwambia, "Wewe, hata kofia hawajakupa, unatembea hivyo kwa nini?" Akasema nitaona.

Mashine yenyewe unaijua kuliko mimi. Ninayoijua mimi ni ile ya baba yako, aliyonichorea kwa kijiti hapa sakafuni. Sanduku la chuma ambalo watu wawili wanaweza kulibeba. Ndani yake tangi la maji, na kwenye maji fimbo nyeusi za makaa, kama zile za ndani ya betri ya tochi ila nene kama mchi. Umeme ukipita, maji yanachemka bila moto, na upande mmoja inatoka hewa nyepesi inayojaza puto. Puto linapanda na waya wa redio. Hewa ikibaki inawasha jiko. Alinieleza kwamba huko kaskazini kuna vituo ambavyo lori la mafuta linachukua wiki kufika, na mvua ikinyesha halifiki kabisa. Lakini upepo upo wa kuzungusha umeme, na visima vya maji ya chumvi vipo. "Fikiria, Taaka," alisema, "askari anapika chai kwa upepo na maji mabaya." Hapa Malaba upepo hatuna wa kutosha, basi walitumia betri za lori, na hapo ndipo walipomhitaji.

Walikuwa na Mzungu mmoja mwenye mashine yake na Luteni mmoja kijana kutoka Nairobi. Maji matupu hayapitishi umeme vizuri, lazima yatiwe kitu, na Mzungu alikuja na unga wake mweupe wa kutia. Baada ya wiki tatu alishikwa na homa akarudishwa Nairobi, na unga ukaisha. Mwingine uliokuwa ukiletwa ulipotelea kwenye mabehewa. Luteni alikuwa na ripoti ya kumaliza. Baba yako alipokuwa akinieleza haya tunakula mboga ya mrenda, nikamwambia kwa mzaha, "Basi wape munyu wangu." Akaacha kutafuna.

Munyu unaujua, umekula mboga zake tangu utoto. Lakini hujawahi kuutengeneza kwa sababu wewe ni mwanamume na wanaume wa huku wanadhani unaota jikoni. Nakausha maganda na mabua ya maharagwe, nayachoma, majivu nayatia kwenye chungu kilichotobolewa chini na kutandikwa nyasi, namwagia maji pole pole. Yanayodondoka chini ni ya rangi ya chai, yanateleza mkononi, na ukiyaonja yanauma ulimi. Hayo ndiyo yanalainisha mrenda na kunde. Hayo ndiyo baba yako aliyapeleka kambini kwa chupa, akayatia kwenye tangi, na puto likajaa vizuri kuliko siku za unga wa Mzungu.

Tangu siku hiyo wakawa wanataka debe zima kila asubuhi. Nilichoma mabua ya maharagwe ya nusu ya eneo la Adungosi. Wanawake wenzangu waliniletea mabua kwa mizigo, wakinicheka ati napikia serikali mboga. Nilijisikia mtu, Ojiambo, sitakuficha. Luteni alikuja mwenyewe hapa nyumbani akatazama chungu changu, akauliza kuna nini ndani. Nikamweleza. Akasema, "Sawa tu mama. Chumvi ni chumvi. Hizi zote zinapitisha umeme." Alikuwa msomi na mimi niliishia darasa la sita. Maneno hayo yalikaa kichwani mwangu, na ndiyo niliyoyategemea siku niliyoharibu.

Siku moja kabla ya hiyo ilikuwa siku ya soko Matayos. Baba yako alitoka asubuhi akaniambia, "Mvua itakuja. Funika majivu." Nikasema nimesikia. Sikuyafunika. Nilikuwa na haraka ya gari, na kusema kweli nilikuwa na haraka ya kwenda kusifiwa sokoni. Mvua ilikuja saa tisa. Niliporudi, majivu ya wiki nzima yalikuwa tope limetapakaa uani na kuku wanatembea juu yake.

Baba yako alikuwa na zamu, alilala kambini. Asubuhi askari angekuja kuchukua debe. Nikasimama hapo uani na mvua bado inanyesha, na kilichoniuma si mashine wala jeshi. Kilichoniuma ni kwamba Makokha aliniambia nifunike na sikufunika, na sasa atajua. Ni hilo tu. Nyumbani nilikuwa na chumvi ya Katwe, ile ya mawe mawe wanayovusha akina mama kutoka Uganda. Nikaiponda, nikamimina kilo nzima kwenye debe la maji nikakoroga. Maji yakabaki meupe. Munyu si mweupe. Basi nikachemsha strungi nzito, chai tupu bila maziwa, nikaitia mpaka rangi ikawa ile ile.

Hapo kwenye chai ndipo ninaposhindwa kujisamehe. Chumvi ningeweza kusema nilikosea, sikujua, nimeambiwa na msomi kwamba chumvi ni chumvi. Lakini mtu asiyejua kwamba anafanya vibaya hatii chai.

Mvua ilikuwa kubwa, askari hakuja, nikabeba debe mwenyewe kichwani mpaka kambini. Hema la mashine lilikuwa limefungwa pande zote kwa sababu ya maji. Baba yako alikuwa ndani na vijana watatu, wengine wawili wamelala upande wa pili wa pazia baada ya zamu yao. Alinipokea debe. Akachovya kidole akaonja, kama alivyokuwa akifanya kila siku, maana nilimfundisha kwamba munyu hupimwa kwa ulimi. Nikaona macho yake. Aliniangalia kidogo tu, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa mbali. Kisha akawageukia wale vijana akasema, "Leo mama ameukoleza," wakacheka wote, na yeye akamimina kwenye tangi.

Sasa nisikilize vizuri hapa, kwa sababu hii ndiyo sababu ya karatasi zote hizi. Huku kwetu mwanamume hatii kasoro chungu cha mke wake mbele ya wageni. Mboga ikizidi chumvi anakula, anashiba, anashukuru, na akiwa na neno analisema watu wakishaondoka. Nilipoolewa, mama mkwe aliniambia kwamba nimebahatika, kwamba mwanawe amefunzwa, hataniaibisha mezani hata siku moja. Na kweli hakuniaibisha. Nilijisifu kwa wenzangu kwa jambo hilo. Mwezi uliopita nilipounguza ugali na mwalimu wako amekuja kukuaga, nilikuona ukila pande lako lote na kuomba lingine. Nilikuona ukimeza kwa maji. Mwalimu alikusifu kwa adabu, na mimi nikaingia chumbani nikakaa kitandani.

Nilikuwa sijafika kwenye reli niliposikia kelele. Nilirudi mbio. Nje ya hema palikuwa na harufu kama ya dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, lakini kali mara mia, inashika koo kama mkono. Vijana walikuwa wametoka wanatapika kwenye mvua. Hewa ya manjano yenye kijani ilikuwa ikitoka chini ya turubai, nzito, inatambaa kwenye majani. Baba yako alikuwa ametoka nao, kisha akarudi ndani. Wale wawili wa nyuma ya pazia walikuwa bado wamelala, na hewa ya puto ilikuwa imejaa humo. Ikikutana na cheche moja ya betri inalipuka, hiyo unaijua. Akatoa nyaya kwenye betri, akawavuta wale wawili kwa miguu mmoja mmoja. Wote watano walipona. Yeye ndiye aliyekaa humo muda mrefu.

Aliishi wiki tano. Hakuweza kulala chali, alilala ameketi kwenye kiti hiki ninachokalia, na kila pumzi ilikuwa kazi ya shamba. Hospitali ya misheni walimpa dawa ya kifua wakasema tumwombee. Nilimwombea huku naogopa atasema. Mimi niliomba vitu viwili kwa wakati mmoja, na kimoja kati yake nikapata.

Luteni alikuja siku ya nne na daftari. Alimuuliza yeye kwanza, nami nimesimama jikoni nasikia. Baba yako akasema, kwa ile sauti iliyobaki, "Labda nilimwaga asidi ya betri. Sikumbuki vizuri, afande." Kisha Luteni akaja kwangu, akakaa kwenye ngazi hiyo hiyo ya mlangoni uliyokaa wewe Jumapili. "Pole mama. Siku hiyo kwa debe ulitia nini?"

"Munyu," nikasema. "Kama siku zote."

Akaandika. Nilitazama kalamu yake ikiandika. Nilikuwa naogopa, Ojiambo, na sikuogopa aibu peke yake. Siku hizo mtu alikuwa akishikwa kwa kuvuka na baiskeli tu, akaulizwa anampelekea nani habari. Mwanamke aliyetia kitu kigeni kwenye mashine ya jeshi, tena chumvi iliyotoka ng'ambo, tena akaificha kwa chai, nani angeamini kwamba alikuwa akimficha mumewe majivu yaliyolowa? Hayo nilijiambia. Bado najiambia, na bado hayatoshi.

Usiku ule sikumuuliza kitu. Ilikuwa karibu na mwisho ndipo aliponiita kunipa kikombe, akashika mkono wangu. "Taaka," akasema, "ulimi wangu si wa mbao."

"Ulijua?"

"Nilipochovya kidole tu."

"Kwa nini hukusema, baba Ojiambo? Ungemwaga. Ungesema debe ni chafu."

"Mbele ya wale vijana? Waende wakisema mke wa Makokha anapika chai anaiita munyu?" Alicheka, na kicheko kikawa kikohozi kirefu. Kilipotulia akasema, "Nilifikiri chumvi ni chumvi. Nilifikiri nitakuambia tukifika nyumbani."

Ndiyo hivyo baba yako alivyokufa. Si asidi, si uzembe. Alikufa kwa sababu mimi nilificha na yeye akanifichia.

Shangazi yako alisema matangani, mbele ya watu, kwamba ndugu yake alikuwa na mikono mizembe tangu utoto. Nilikuwa na tonge mdomoni. Nikalitafuna nikalimeza. Ulipokuwa darasa la sita ulirudi shati limechanika, umepigana na mtoto aliyesema baba yako nusura awaue askari kwa uzembe. Nilikuchapa. Nilikuchapa kwa fimbo ya mpera mpaka jirani akaja kuniondoa, na uliniuliza, "Mama, kwani ni kweli?" Nikasema vita si vizuri. Hicho ndicho nilichokujibu. Nimekumbuka kipigo kile mara nyingi kuliko nilivyokumbuka ubatizo wako.

Na wewe ukakua ukiwa na swali hilo. Ukafungua redio, ukafungua taa, ukafungua saa ya mwalimu na kuirudisha ikiwa inakwenda. Ulikuwa ukithibitisha kwamba damu ya Makokha haina uzembe. Nilikuona ukifanya hivyo na nilijua dawa yako ninayo mimi, neno moja, na sikukupa. Sasa umekuwa fundi wa jeshi, umechaguliwa kwenda kaskazini, na mashine waliyokupa kati ya mashine zote za dunia ni hiyo.

Barua yako ya wito ilipokuja kwa stesheni masta, aliyeipokea ni mimi. Niliificha kwenye mtungi wa wimbi siku nne. Nilikuona ukiendesha baiskeli kila asubuhi mpaka posta na kurudi mikono mitupu, unasema labda kesho. Siku ya tano nikakuambia imeletwa leo. Unga wa wimbi ulikuwa kwenye bahasha, ukaupuliza, hukuuliza. Wewe huulizi, hilo ndilo linalonitisha.

Jumanne nilijaribu tena. Nilikuambia naenda kusaga mahindi, nikaenda kwenye kambi ya huku mpakani. Kijana wa getini aliniuliza, "Mama, unauza nini?"

"Siuzi. Nataka kuongea na mkubwa wa ile mashine ya puto."

Akamwita mwenzake, wakatazamana. "Mashine gani, mama? Hapa hakuna puto."

"Ile iliyojaribiwa hapa zamani. Kijitabu chake kina makosa."

"Kijitabu umekisoma?"

"Nimesomewa."

Hawakunitukana. Walikuwa vijana wa adabu. Mmoja alisema, "Nenda tu nyumbani, mama. Mambo ya mashine tuachie sisi, wewe baki na mambo ya sukuma wiki." Nilirudi na mahindi yangu yasiyosagwa kichwani. Nimemtafuta Luteni kwa kuuliza uliza. Wengine wanasema amepandishwa cheo, wengine wanasema ameacha jeshi, hakuna anayejua alipo.

Sasa nimekaa hapa na sina la kufanya. Nimefikiria kukupa debe la majivu uende nalo, nimeona ni upumbavu. Ulinieleza mwenyewe kwamba huko uendako maji ya kisima yana chumvi tayari, na ndiyo maana ya mashine. Huko munyu wangu hauna kazi. Nilikuambia, "Iwekeni basi nje," ukasema, "Mama, huko kuna vumbi na upepo wa kung'oa mabati. Inakaa stoo, mlango umefungwa, kitabu kimeruhusu." Ulisema kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto. Na kitabu kimeruhusu kwa sababu mimi nilisema munyu, kama siku zote, na hakuna aliyeandika kwamba chumvi ya kawaida ndiyo iliyotoa ile hewa ya manjano.

Siwezi kukuzuia. Umeweka kidole chako kwenye karatasi zao, na hata kama ungeweza kukataa, usingekataa. Nikilia kesho stesheni utadhani ni kilio cha mama yeyote. Sitalia basi, au nitalia kidogo.

Ninachokuomba ni hiki. Mlango wa stoo uvunje ikibidi. Kaa upande upepo unakotoka. Ukisikia ile harufu ya dawa ya nguo nyeupe hata kwa mbali, toka kwanza, heshima itakuja baadaye. Hilo la kwanza, na najua utalifanya kwa sababu una akili.

La pili ndilo gumu. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine imekunjwa peke yake. Nimeandika kwa herufi kubwa zinazosomeka: mimi ni nani, ninakaa wapi, siku ile nilitia chumvi ya Katwe kilo moja, nilitia chai, na mume wangu hakumwaga asidi yoyote. Nimetia jina langu lote na kidole gumba juu yake, kwa sababu sijui wao wanaamini kipi zaidi. Mpe mkubwa wako siku ya kwanza, kabla hujakabidhiwa mashine.

Nakujua. Utaisoma kwenye garimoshi, utalia, halafu utaikunja vizuri uiweke mfuko wa ndani. Utasema moyoni, mama ameteseka vya kutosha, kwa nini nimpeleke mbele za watu na chai yake? Nitafungua mlango tu, nitajihadhari mwenyewe, karatasi ibaki. Utafanya hivyo kwa mapenzi. Baba yako alimimina lile debe kwa mapenzi hayo hayo. Na siku moja utakuwa likizo, au utakuwa mgonjwa, na kijana mwingine wa mama mwingine atafunga mlango wa stoo kwa sababu ya vumbi, kitabu kimeruhusu.

Mimi ninaogopa, sitasema uongo tena. Naogopa watakuja kuniuliza. Naogopa shangazi yako ataacha kukanyaga hapa. Zaidi ya yote naogopa jinsi utakavyoniangalia ukija likizo, kama utakuja. Nimeyapanga haya yote mbele yangu hapa na nimeyaona, na bado nakuambia mpe.

Nimesikia kengele ya baiskeli huko njiani, nadhani ni wewe na kuku wa shangazi yako. Nitakukaangia jioni hii. Chumvi nitaitia nyingi makusudi, mpaka nyama isilike. Mama jirani na watoto wake watakuwepo, nimewaita. Nitakaa nikungoje uionje mbele yao. Ukisema, "Mama, hii imezidi chumvi," nitalala kidogo leo. Ukila ukashukuru, basi jua kwamba wakati unasoma hapa nilikuwa sijalala, na uanze hapo hapo kwenye garimoshi. Mwambie mtu aliyekaa karibu nawe, hata kama humjui, kwamba mama yako alitia chumvi kwenye debe na baba yako akafa. Sema kwa sauti. Ukishaweza kunitia aibu mbele ya mtu mmoja, utaweza mbele ya mkubwa wako.

Usininyamazie, mwanangu. Baba yako alininyamazia na bado nasikia anavyopumua.

Ni mimi niliyekoroga lile debe,
mama yako, Taaka.